Jumamosi jukwaani, Jumatatu mbele ya kamera

Mwigizaji wa Lubumbashi anayeimba hali mkate wa kazi moja. Jumamosi yuko jukwaani, anarusha sauti hadi safu ya nyuma. Jumatatu yuko sebuleni kwa mtu, kamera imemsogelea puani, na fundi wa sauti anamwambia apunguze kelele. Wengi hudhani kilichobadilika ni vifaa tu. Kilichobadilika ni kipimo: anayedumu katika kazi hii ni yule anayejua kushusha, awe anashusha wimbo, sauti au mikono.

Mji wetu umewalea waigizaji kwa njia mbili. Kuna kwaya za kanisa, ambazo enzi za Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, zilimpata mtunzi na kiongozi kama Joseph Kiwele. Kuna pia mchezo wa Kiswahili wa redio na televisheni, ule wa kundi la Mufwankolo: mnakubaliana kisa na mpangilio wa sene (onyesho moja moja la mchezo), halafu maneno kila mtu anayatoa kichwani palepale. Mtoto wa kwaya anaifahamu noti yake lakini anasimama kama nguzo. Mtoto wa mchezo anajibu haraka kuliko umeme, ila muziki ukianza anapotea, kwa sababu muziki haumngoji mtu amalize utani wake.

Hapo ndipo michezo yetu ya kuimba huharibika zaidi. Tuseme kabla ya wimbo kuna mazungumzo juu ya muziki, mezire 8 (vipande vya muziki) za mapigo manne kila moja, mwendo wa mapigo 96 kwa dakika. Hizo ni sekunde 20, basi. Mwigizaji mahiri akianza kunogewa, wimbo unaanza bila yeye. Msimwandikie kila neno, mtaua kipaji chake. Fungeni vitu viwili tu: sentensi ya mwisho na pumzi ya kuingilia wimbo. Katikati abuni apendavyo, huku mguu ukihesabu. Na akichelewa, asiukimbilie mstari uliokwisha pita. Anyamaze, aigize kimya hicho, aingie mstari wa pili. Watazamaji watadhani ndivyo ilivyopangwa.

Toni ya wimbo, yaani kimo cha kuuimbia, ichaguliwe siku ya repetisyo (mazoezi) ya kwanza, na ichaguliwe ukiwa umechoka. Noti ya juu kabisa ya wimbo iwe angalau hatua moja nzima ya noti chini ya noti unayoifikia ukiwa mzima. Ukifika juu hadi noti ya «la», wimbo usipite «sol». Kushusha toni si aibu. Aibu ni kupasuka sauti katikati ya neno «mama». New York, kwenye Broadway, ratiba ya kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, na kuna waigizaji wa akiba waliojifunza nafasi za wenzao. Kwetu akiba ni nadra, kwa hiyo koo lako ndilo akiba yako. Kwenye repetisyo imba nusu sauti, kamili mara moja tu mwishoni.

Kwa koo, kiangazi ndicho kibaya zaidi: vumbi jekundu mchana, baridi usiku mwezi wa sita na wa saba. Chukua mrija, utumbukize sentimita mbili ndani ya glasi ya maji, uvumishe sauti kupitia mrija huo kutoka chini hadi juu kwa dakika 5. Mapovu yasikatike, yakikatika, pumzi yako haijatulia. Bukari (ugali) la kushiba liliwe saa mbili au tatu kabla, si dakika 30 kabla, maana tumbo lililojaa linaizuia pumzi isishuke. Koo likikwama usinong'one ukidhani unalipumzisha: kunong'ona nako kunaweza kulikaza. Nyamaza kabisa. (Lutuku, pombe kali ya kienyeji, «la kusafisha sauti» mwachie anayeuza.)

Sasa kamera. Tuseme mama anasonga bukari, anamuuliza binti: «Ulilala wapi?» Jukwaani mwiko unainuliwa hadi begani. Kwenye picha ya uso, mwiko unaosimama ndani ya sufuria unatosha. Lakini usimame kwenye neno lilelile kila mara sene inaporudiwa. Ukisimama kwenye «ulilala» mara ya kwanza na kwenye «wapi» mara ya pili, atakayeunganisha picha hataweza kukata, na atachagua uso wa mwenzako. Waigizaji wengi hupotea kwenye mchezo kwa njia hiyo bila kujua kwa nini.

Kikwembe (kitenge) kipya chenye wanga kinakwaruza mikro, kipaza sauti kidogo, ya kifuani. Kifue mara mbili kabla ya siku ya kazi. Jukwaani mikro hiyo mara nyingi huwekwa kwenye mstari wa nywele, kwa kuwa hapo inabaki umbali uleule na mdomo hata ukigeuza kichwa.

Wimbo wa televisheni mara nyingi hurekodiwa kwanza, halafu unaigiza juu yake. Usifungue mdomo tu: imba kweli, nusu sauti, ili shingo na mbavu zifanye kazi. Weka milio minne ya kuhesabu mwanzoni mwa faili. Uliza pia faili ni la kilohezi 44.1 au 48, kasi ya kurekodi sauti. La 44.1 likisomwa kama 48 bila kugeuzwa, wimbo unakimbia na kupanda karibu robo tatu ya hatua nzima ya noti, na midomo yako haitaukuta tena hata ufanye nini.

Kuhusu kashe, yaani malipo yako, uliza kabla ya repetisyo, si baada ya makofi. Karatasi moja inatosha: siku za kazi, usafiri wa repetisyo, malipo ya onyesho, kituo cha redio au televisheni kitarusha mara ngapi, na kama mchezo utawekwa kwenye intaneti. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi na pia haki jirani, zile za anayeigiza na anayeimba. Lakini bila karatasi utakuwa na neno lako tu dhidi ya la bosi. Pande zote zitie saini, kisha ipige picha kwa simu kabla haijaingia kwenye mfuko wa mtu.