Lebo Iliyo Chini ya Rauta

Mwezi Juni mwaka 2021 nyumba yetu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, ilikuwa na watu watano na rauta moja iliyochoka. Kampuni inayotuuzia intaneti ilikuwa imetufungia kidishi juu ya paa, waya ukashuka ukutani hadi sebuleni, na kasi tuliyoilipia ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde. Hata hivyo, kila mara mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akisoma uhandisi wa kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kuishi kwetu, alipoanza kupakia kazi zake za chuo, mazungumzo yangu ya video na mama yangu aliyeko Mpwapwa yalikatikakatika, uso wake ukaganda mdomo ukiwa wazi, nami nikabaki nikiita, "Mama, unanisikia?"

Nilikuwa nimekwisha kuamua kulipia kifurushi cha juu zaidi. Kijana akanizuia. "Mama mdogo, kasi inatutosha," aliniambia, "foleni ndiyo mbaya." Alinieleza kwamba faili kubwa linapotoka, data hujipanga kwenye foleni ndefu, na vipande vidogo vya sauti na picha ya mama vinakwama nyuma yake, kama pikipiki iliyobanwa nyuma ya malori yanayosubiri mizani. Rauta yetu haikuwa na namna yoyote ya kuipitisha pikipiki.

Lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa jingine. Mwezi Oktoba mwaka 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji, alitangaza udhaifu uitwao KRACK katika WPA2, kinga ambayo nyumba nyingi zinaitegemea kulinda Wi-Fi yao. Tulipofungua ukurasa wa rauta yetu tukakuta programu dhibiti yake, yaani ile inayoiendesha, ni ya mwaka 2016, na mtengenezaji hakuwa ametoa nyingine tangu hapo. Mimi ni mhasibu. Mishahara na taarifa za watu hupita mikononi mwangu, na baadhi ya kazi hizo nilizifanyia nyumbani. Sikuweza kulala kwa amani nikijua mlango wangu una kitasa ambacho aliyekitengeneza amekwisha kukisahau.

Ndipo nilipoisikia OpenWrt. Kampuni ya Linksys ilikuwa imeuza rauta ya WRT54G ambayo ndani yake ilikuwa na Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, na kwa kuwa leseni ya Linux inadai msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, utolewe, msimbo huo ukatolewa mwaka 2003. Mwaka uliofuata watu wa kujitolea wakaanzisha OpenWrt, programu huria ambayo leo inaweza kuwekwa kwenye rauta za kampuni nyingi badala ya ile ya mtengenezaji. Mtengenezaji akiacha kuihudumia rauta yake, wao wanaweza kuendelea. Maneno hayo yalinishika. Nikatenga shilingi 60,000 na kumwambia kijana tutafute.

Rauta zenye nafasi ya kutosha kwa OpenWrt, kama Xiaomi Mi Router 4A Gigabit yenye megabaiti 16 za hifadhi na 128 za ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, hatukuziona kwenye maduka tuliyopita mjini. Iliyojaa kila rafu ilikuwa TP-Link TL-WR841N, nayo jina lake limo kwenye orodha ya OpenWrt. Nikanunua moja mpya kwa shilingi 55,000, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Kijana aliigeuza juu chini kabla hata ya kuiwasha. Kwenye lebo, karibu na namba ndefu ya utambulisho, palikuwa na maandishi madogo kuliko yote: Ver: 14.0. Akanyamaza, akafungua kompyuta yake, akaninong'oneza kama mtu anayeleta habari ya msiba: toleo la 14 lina megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za ramu. OpenWrt ilikuwa imekwisha kutahadharisha kwamba vifaa vya kiasi hicho havifai tena. Toleo la 13, lenye jina lilelile na umbo lilelile, lina megabaiti 8 na 64. Bei ni ileile, sanduku ni lilelile, lakini moja linaweza kuendelea kuishi na lingine limefika mwisho wa safari. Ninaona si haki kwa mnunuzi kwamba tofauti kubwa kiasi hicho imefichwa kwenye herufi ambazo mtu mwenye miwani kama mimi hawezi kuzisoma dukani.

Mwenye duka, Mungu amjalie, aliipokea na kunirudishia fedha yangu yote, ila hakuwa na toleo la 13. Alituelekeza kwa fundi mmoja wa simu karibu na soko la Majengo, ambaye alikuwa amenunua rauta kuukuu za nyumba ya wageni iliyobadilisha vifaa vyake.

Rauta hizo zilikuwa tisa ndani ya kiroba cha unga, zote zimefunikwa vumbi jekundu la Dodoma. Fundi alinipa kigoda. "Karibu mama, chagua taratibu." Nikalowesha kitambaa, nikawa nafuta lebo moja baada ya nyingine, kijana akinimulikia kwa simu: 14, 14, 11, 9, nyingine lebo ilikwisha kubanduka. Ya sita ikaandika 13.0. Ya nane pia. Nilichukua ile ya sita pamoja na adapta yake ya volti 9 kwa shilingi 25,000, na kwa mara ya kwanza niliona fahari kununua kitu kilichotumika.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika mara mbili, kwa hiyo tulisubiri hadi saa nne usiku ulipotulia, kwa kuwa kuflashi rauta, kama mafundi wanavyosema, yaani kuibadilishia programu dhibiti, hakutaki umeme ukatike katikati. Kijana aliipa kompyuta anwani ya 192.168.0.225, akaweka tayari faili lililopewa jina la tp_recovery.bin, akaunganisha waya. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma na kukishikilia wakati rauta inawashwa. Nilikishikilia hadi kidole kikaniuma. Taa zikawaka, zikazimika, ikabaki moja ikipepesa.

Baada ya dakika chache taa zikatulia, lakini simu yangu haikuona Wi-Fi yoyote, nikadhani tumeiua. Kumbe OpenWrt huwekwa Wi-Fi ikiwa imezimwa makusudi, ili mwenyewe aingie kwanza kwa waya kupitia anwani ya rauta, 192.168.1.1, na kuweka nywila. Tukaweka nywila, tukachagua Tanzania kwenye orodha ya nchi ili nguvu ya mawimbi ifuate kanuni za hapa, kisha tukaongeza programu ya kusimamia foleni. Tuliiwekea kikomo cha kilobiti 4,500 kwenda na kurudi, yaani chini kidogo ya kasi ya laini, ili foleni ijengeke ndani ya rauta yetu ambayo sasa iliweza kuigawa, isijengeke kwenye vifaa vya kampuni ambavyo hatuna mamlaka navyo.

Kesho yake jioni nilimpigia mama. Nilimwomba kijana apakie faili kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Mama akanieleza habari za karanga, za jirani aliyefiwa, za mbuzi aliyezaa mapacha, na uso wake haukuganda hata mara moja. Dakika 40 nzima.

Juma lililofuata nilirudi kwa fundi. Kiroba kilikuwa palepale, na ile ya nane bado imo. Nikailipia, nikaifunga kwenye kanga, nikampelekea jirani yangu mwalimu ambaye naye alikuwa ameanza kulalamikia intaneti yake.