Kwa Yule Anayetamani Tu Kuamini

Ndugu na dada wapendwa, wiki nzima nimebeba swali la binti mmoja wa tawi letu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hapa Mombasa. Mkutano wa mfungo na ushuhuda, ambapo waumini husimama mbele kueleza imani yao, ulipokwisha alinivuta kando akaniuliza: "Mama, kila anayesimama pale mbele anasema anajua. Mimi sijui. Natamani tu iwe kweli. Je, nina haki ya kukaa hapa?"

Nilimjibu kwamba nafasi yake ipo. Lakini swali halikuniacha, maana limenikuta na mimi niko bondeni. Kazi ya baba watoto bandarini imesimama, mwenye nyumba anabisha hodi, na adhana ya alfajiri hunikuta macho, bado naomba, wala sisikii kitu moyoni. Nabii Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa letu, akiwa amefungwa katika jela ya Liberty kule Missouri majira ya baridi ya 1838 na 1839, alilia, "Ee Mungu, uko wapi?" Darasani tunaisoma sala hiyo katika Mafundisho na Maagano 121, kitabu chetu cha mafunuo, kwa sauti nzuri. Kuiomba mwenyewe saa kumi usiku ni jambo jingine kabisa.

Basi nimerudi kwa Alma 31 na 32 katika Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, na safari hii sikuanzia kwenye mfano wa mbegu. Nimeanzia kwenye jukwaa. Wazoramu, kundi lililojitenga na waumini, walijenga mahali pa juu katikati ya sinagogi, penye nafasi ya mtu mmoja tu. Siku moja katika wiki walipanda mmoja mmoja, kila mtu akisali sala ileile, wakimshukuru Mungu kwa kuwa wao ndio wateule. Wakishuka, walirudi majumbani wasimtaje Mungu tena mpaka siku ya kukusanyika ifike. Na maskini, waliotoka jasho kuyajenga masinagogi hayo kwa mikono yao, walifukuzwa kwa sababu ya mavazi yao duni.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme kwa upendo lakini bila kuzunguka. Ushuhuda wetu unaweza kugeuka jukwaa lile. Tunapanda, tunasema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, tunashuka, na Jumatatu sokoni Kongowea au kwenye feri ya Likoni hakuna awezaye kutambua tulimwomba nani jana yake. Kijana akiuliza swali gumu darasani, tunaguna, tunatazamana, kisha tunaharakisha kwenda kwenye aya inayofuata. Huko ni kumfukuza mtu huku mlango uko wazi. Tuache jambo hili. Nawasihi.

Tazameni nabii Alma alivyofanya. Alikuwa akiwahubiria watu mlimani, maskini wakaja kwa wingi nyuma yake, na mkubwa wao akauliza wafanye nini, maana hawana pa kuabudu. Alma akageuka. Akawaacha wale aliokuwa akisema nao, akawaelekezea uso hawa waliodharauliwa. Hakuwadai wajue. Aliwaambia imani si kuwa na ufahamu kamili wa mambo, na kwamba mtu asipokuwa na kitu zaidi ya tamaa ya kuamini, aiache tamaa hiyo ifanye kazi ndani yake mpaka alipatie neno la Mungu nafasi.

Hapo ndipo nilipopata pumzi wiki hii. Tumezoea kusema imani ni mbegu, lakini someni aya ya 28 ya Alma 32: Alma analifananisha neno na mbegu. Uhai umo ndani ya mbegu yenyewe, na hakuna aliyekuagiza uutengeneze wewe kwa kukaza misuli ya moyo. Sehemu yako ni kuipa nafasi, kisha kutoing'oa. Sisi wa Pwani hulaza nazi mchangani tukangoja miezi kabla chipukizi halijatokeza, na anayeifukua kila wiki kuangalia kama imeota huiharibu mwenyewe.

Tena Bwana alisema mwezi Machi 1831, katika sehemu ya 46 ya Mafundisho na Maagano, kwamba wengine hupewa na Roho Mtakatifu kujua kuwa Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu, na wengine hupewa kuamini maneno yao. Zote ni karama.

Kwa hiyo, wewe unayetamani tu, fanya jaribio wiki hii. Omba kwa sauti, useme ukweli wako hata kama ni sentensi moja. Soma aya chache za Kitabu cha Mormoni kabla hujashika simu. Njoo upokee sakramenti. Ukisimama kutoa ushuhuda, sema ulicho nacho, usiazime cha jirani.

Ninao ushuhuda wa kungoja. Miaka mingi Watakatifu wa Kenya waliomba hekalu, na waliojaliwa nauli walisafiri hadi hekalu la Johannesburg. Tangazo lilikuja Aprili 2017, na hekalu la Nairobi likawekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Leo tunapanda treni pale Miritini, na jioni tuko Nairobi. Wapo walioomba kwa machozi wakafariki bila kuliona, na sasa ibada zao zinafanywa humo humo na walio hai kwa niaba yao.

Kazi ya mume wangu bado haijarudi. Hata hivyo nashuhudia kwamba Mwokozi yu hai na hamdharau mwenye imani kidogo. Katika Marko 9 baba mmoja alimlilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," naye hakumwambia arudi siku atakapojua. Alimponya mtoto wake. Katika jina la Yesu Kristo, amina.