Kateni humo humo: ninavyozipima barua pepe za mahela

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu barua pepe za matapeli ulikuwa huu: "Angalia Kiingereza, kikiwa kibovu ujue ni wezi." Ushauri huo umewaliza watu wengi kuliko uliowaokoa. Mimi nina steshenari, na wanaokuja kuprinti barua za kazi za Canada, mirathi ya London na ushindi wa bahati nasibu ambazo hawakuzicheza ni wengi kiasi kwamba nimegeuka mkaguzi asiye na mshahara. Barua za siku hizi zimenyooka. Tapeli ana programu zilezile za kusahihisha lugha ulizonazo wewe, na Kiswahili chake nacho kimeanza kuwa kizuri. Hata kile kichekesho cha zamani, mtoto wa rais aliyekufa na masanduku yake ya dola, hakikuwa ujinga mtupu. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alionyesha kwa hesabu kwamba tapeli anafaidika hadithi yake ikiwa ya ajabu: mwenye shaka anajiondoa mapema, naye anabaki na yule atakayelipa bila kumpotezea muda. Kwa hiyo wewe unayejivunia kuona kosa la sarufi umetolewa kwenye foleni tu. Barua ya kukufaa wewe bado iko njiani.

Mimi nimeacha kusoma uzuri wa barua. Nauliza mambo mawili: jibu langu linakwenda wapi, na hela yangu inakwenda wapi.

Jibu kwanza. Fungua barua kwenye kompyuta, maana programu ya Gmail ya kwenye simu haina kitufe ninachokitaka. Bonyeza vitone vitatu pembeni ya mshale wa kujibu, chagua Show original. Litafunguka gazeti zima la maandishi, na wengi wakiliona wanalifunga. Usifunge. Tafuta mstari wa From, kisha utafute Reply-To. Lile jina linaloonekana kwenye From mtu anajiandikia apendavyo, kama maneno ya nyuma ya daladala. Reply-To ndiyo inayoamua: ukibonyeza kujibu, barua yako inakwenda huko. Gavana wa benki kuu anayepokelea majibu kwenye anwani ya bure yenye namba tatu mwishoni hahitaji uchunguzi zaidi. Kama Reply-To haipo, majibu yanarudi kwenye anwani ya From, basi isome anwani yenyewe mpaka mwisho.

Hapo ndipo nami nilipojifanya mpelelezi, nikaumbuka. Kwenye gazeti hilo kuna mistari inayoanza na Received, kila mmoja ni seva, yaani kompyuta ya kupitisha barua, ambayo barua imepita, wa juu kabisa ukiwa wa mwisho kupitiwa. Nikasikia kwamba ukisoma kutoka chini kwenda juu unampata mtumaji. Nikachukua namba za IP, zile zinazotambulisha kila mtambo kwenye intaneti, nikaziweka kwenye tovuti za ramani, nikapata California, nikamtangazia mteja kwa sauti ya mkuu wa kituo kwamba mtu wake yuko Marekani kweli. Ilikuwa seva ya Google. Anayeandika barua kwa Gmail kupitia kivinjari IP yake haiwekwi humo. Awe Tandika, awe Toronto, utaishia kuona mitambo ya Google. Na mistari ya chini mtumaji mjanja anaweza kuitunga mwenyewe kabla barua haijafika kwenye seva halisi. Mstari wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva ya mtoa huduma wako mwenyewe. Sitafuti tena alipo mtu, na anayekuuzia huduma ya "kumtafuta tapeli kwa IP" mpite kama hukumwona.

Chenga ya pili nilipigwa na neno PASS. Juu ya ukurasa huohuo Gmail inaonyesha vipimo vitatu vya asili ya barua, SPF, DKIM na DMARC, na pembeni PASS au FAIL. FAIL kwenye barua inayodai kutoka taasisi kubwa inatosha kuitupa, isipokuwa kama mtu ameipitisha kutoka kikasha kingine, maana hapo SPF huvunjika bila kosa la yeyote. Lakini PASS haisemi kwamba mwandishi ni mwaminifu. Inasema barua imetoka kweli kwenye domeini inayojitaja, yaani lile jina linalokuja baada ya @. Tapeli akinunua domeini yake, kwa hela isiyozidi sana chipsi kuku na soda, akaipanga vizuri, anapata PASS zote tatu. Ni kama leseni ya udereva: ni halali, ni ya kwake, na gari analoendesha ni la wizi.

Domeini isomwe kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Kwenye kiungo cha tovuti, anza kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya https:// na urudi nyuma. Ya serikali yetu inaishia go.tz, ya Kenya go.ke, na int wanapewa mashirika yaliyoundwa kwa mikataba ya nchi, kama who.int na eac.int. Neno "ajira" likifuatwa na "go-tz" yenye kistari halafu com, hiyo ni com tu, mengine ni mapambo. Angalia pia r na n zilizobanana zikajifanya m. Kisha nenda lookup.icann.org uandike domeini hiyo uone ilisajiliwa lini. Kampuni inayosema ina miaka arobaini ya kuajiri watu, na domeini yake ina wiki tatu, imezaliwa kwa ajili yako.

Sasa hela, na hapa ndipo penye raha. Utapeli huu wote, uwe wa mirathi, kazi, mkopo au tuzo, una mlango mmoja: utangulize kidogo upate kikubwa. Ni pata potea iliyovaa tai. Wanigeria wanauita 419, kwa kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa hila, na mwaka 2006 wakautungia sheria yake peke yake. Jibu ninaloshauri ni la mistari miwili, kutoka anwani uliyoifungua kwa kazi hiyo tu, isiyo na jina lako wala namba yako:

"Nashukuru. Ada ya dola 850 naikubali. Ikateni humo humo kwenye dola milioni nne na nusu, mnitumie zinazobaki, na mjiongezee 1,000 ya usumbufu."

Mtu mwenye hela za kweli hana cha kupinga hapo, anapata na zawadi. Tapeli anakwama, na sababu anazotoa nimeziona zikijirudia mpaka nazitabiri kabla mteja hajafungua barua. Kwanza, hela zimefungwa na bima, haziguswi mpaka zimfikie mrithi. Pili, sheria ya fedha haramu inakataza kukata. Tatu, mwanasheria anataka chake mkononi. Nne, na hii ndiyo tamu kuliko zote: "Nakuonea huruma, wewe tuma nusu, nusu nyingine nitakukopesha mimi." Ada ya serikali gani inayoshuka bei kama mtumba wa saa kumi na mbili jioni?

Ujue pia kwa nini sababu zao ni uongo hata kwa kanuni za benki. Kwenye fomu ya kutuma hela nje kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana hela kati ya nchi, kuna sehemu ya gharama yenye chaguo tatu: OUR, mtumaji analipa zote; SHA, mnagawana; BEN, mpokeaji anabeba zote, yaani zinakatwa kwenye hela yenyewe kabla haijafika. Kukata humo humo ni kazi ya kila siku. Ukiambiwa haiwezekani, uliza kwa nini BEN ipo kwenye fomu. Sijawahi kuona barua iliyojibu hilo.

Akishajibu mara moja, inatosha, mfungie. Kuna wanaoendelea kumchezea kwa wiki, wanafurahi wenyewe, huku wakimjulisha anwani ipi ina mtu hai na wanaogopa nini.

Ukilipa ya kwanza, ngazi inaanza: cheti cha kuonyesha hela si za ugaidi, kodi, msimbo wa kuruhusu uhamisho, ada ya kuhifadhi mzigo uliochelewa kwa sababu yako. Kila ngazi ni ya mwisho. Na asikudanganye mtu kwamba wanaopanda ni wajinga tu. Kati ya 1995 na 1998 benki ya Brazil, Banco Noroeste, ilitolewa takriban dola milioni 242 kwa ajili ya mradi hewa wa uwanja mpya wa ndege Abuja, na aliyeidhinisha alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake mwenyewe.

Zile zinazoletwa sana kaunta kwangu nazipitisha haraka. Kazi za Umoja wa Mataifa: hawatozi ada hatua yoyote, si ya maombi, si ya usaili, si ya mafunzo. Kazi ya Canada yenye "ada ya LMIA", kibali cha mwajiri kuajiri mgeni: hiyo ni dola 1,000 za Canada kwa nafasi moja, analipa mwajiri, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi amrudishie. Bahati nasibu ya Green card ya Marekani: huandikiwi barua pepe ya pongezi, unaingia mwenyewe kwenye tovuti ya dvprogram.state.gov na namba uliyopewa ulipojaza, na ada ya viza inalipwa ubalozini siku ya usaili, si kwa Western Union. Malipo ya serikali Tanzania yana control namba ya GePG, ukiiingiza inakuonyesha taasisi. Kenya ni eCitizen, paybill 222222. Ukipewa namba ya simu badala ya hivyo, ingiza kwenye simu mpaka jina la mpokeaji litokee, kisha ghairi kabla ya kukamilisha. "Wizara" yenye majina mawili ya mtu, na anakuambia uweke na ya kutolea, ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Namba za Uingereza nazo. Ikianza +4470, siyo simu ya kawaida ya mkononi. Ni namba binafsi inayoweza kuelekezwa popote duniani. "Wakili wa London" anapokea akiwa popote.

Kwenye barua ya ajira ya PDF, bonyeza Ctrl na D kwenye Adobe Reader. Inaonyesha imetengenezwa lini na kwa programu gani. Niliyofurahia zaidi ilikuwa na tarehe ya mwezi uliopita na mhuri mkavu, kumbe imetengenezwa usiku wa jana saa saba. Tarehe hizo zinaweza kufutwa au kubadilika faili likihifadhiwa upya, kwa hiyo zikiwa safi usishangilie. Kinachofanya kazi zaidi ni kuchukua sentensi ya katikati ya barua, maneno manane au kumi, kuiweka ndani ya alama za nukuu na kuitafuta Google. Usichukue ya mwanzo, hiyo wanabadilisha jina la kampuni. Aya ya malazi na bima ndiyo wanayosahau kuibadilisha, na utaikuta imeshabandikwa na waliolizwa kabla yako. Picha ya pasipoti ya "mwanasheria" ipitishe Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana nayo mtandaoni.

Pasipoti yako usiitume ikiwa safi. Toa nakala ya karatasi, andika kwa peni juu ya nakala, ukikatiza picha na maandishi: nakala kwa maombi ya kazi fulani, tarehe fulani, si kwa matumizi mengine. Halafu skani hiyo. Ukiandika pembeni wataikata. Mwajiri wa kweli haoni tatizo. Kama ulishatuma iliyo safi, piga *106# mara kwa mara uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Na kama hela imeshatoka, acha kulia, piga simu kwanza. Mtandao wa simu upigie palepale, hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi ya kuizuia. Western Union vilevile, muamala unafutika kama haujachukuliwa. Benki waombe warudishe muamala wa SWIFT siku hiyohiyo. Kesho yake ni kuchelewa. Kisha polisi, uchukue RB, ile namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni, maana bila RB wengi hawatakusikiliza. Beba barua zikiwa na ule ukurasa wa Show original, siyo picha ya skrini tu. Namba za ujumbe wa utapeli Tanzania zinapokelewa 15040, na Safaricom 333.

Kisha kaa ukisubiri barua nyingine, itakuja. Jina lako linauzwa kwenye orodha ya waliowahi kulipa, na atakuandikia "mpelelezi" aliyezipata hela zako, anadai kidogo tu cha kufungua jalada. Interpol haimwandikii mtu binafsi kumdai ada. Moja niliyoprinti ilikuwa na nembo, mihuri miwili na saini ya buluu nzuri kuliko ya mkuu wa wilaya. Reply-To yake ilikuwa ileile ya wakili wa mwanzo, wamebadilisha namba ya mwisho tu.