Dereva Aliyekataa Kushuka

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, nikapata siti ya mbele kabisa, nyuma ya dereva, mahali ambapo abiria huiona barabara yote pamoja na mshale wa spidi. Tulipokwisha kuipita Dumila tuliingia katika kijiji chenye kibao cha 50, na mshale ulikuwa kwenye 72. Niliuona vizuri, wala sikusema neno.

Kilometa chache mbele, trafiki wawili, mwanamke na mwanamume, walitupungia mkono. Anayeizoea barabara ile anajua kazi yao inavyokwenda: mwenye tochi, yaani kamera ya kupima mwendo, hubaki nyuma kijijini, na akishapiga picha inayoonyesha gari na mwendo wake huituma kwa simu kwa wenzake walio mbele, ambao ndio wanaosimamisha gari. Dereva wetu alisimama, lakini nusu ya basi aliiacha juu ya lami, kisha akamtuma utingo ashuke na leseni. Ndani ya leseni kulikuwa na noti iliyokunjwa. Yule askari wa kike aliirudisha noti hiyo tukiona sote, akasema anamhitaji dereva mwenyewe, na kwamba kwanza aliondoe gari barabarani.

“Sishuki, na gari halisogei,” dereva akajibu, akafunga kioo.

Tulikaa hapo dakika 40. Malori yenye shehena za Rwanda, Burundi na Kongo yalikuwa yakilikwepa basi letu kwa kuingia upande wa pili, na kila lilipopita moja basi zima lilitikisika. Askari aligonga kioo mara tatu, kila mara kwa maneno yaleyale na kwa sauti ileile: “Dereva, naomba usogeze gari, halafu uje uione picha.” Dereva alitazama mbele kana kwamba hakuna mtu. Jambo linaloniumiza hadi leo ni kwamba abiria tulikuwa upande wake. Watu walipiga kelele kwamba tunacheleweshwa, kwamba trafiki wana njaa, ilhali noti ilikuwa imerudishwa mbele ya macho yetu wenyewe.

Ninaielewa hasira ya madereva. Tochi inayofichwa vichakani humfanya mtu ajione anawindwa, na kwa wengi wao faini ya shilingi 30,000 hukatwa katika posho ya safari, hailipwi na mwenye basi. Hata hivyo, dereva anayeamini kwamba ameonewa ana njia: anaweza kuikataa faini na kuomba apelekwe mahakamani, ambako askari ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Kufunga kioo na kuwaacha watu wazima na watoto ndani ya gari lililoziba barabara si kudai haki.

Hatimaye askari alipanda ndani. Alitusalimu, akatuomba radhi kwa kuchelewa, akasema, “Dereva wenu anasema alikuwa kwenye hamsini. Ndugu abiria, kuna aliyeona tofauti?”

Basi lilinyamaza. Nilihisi moyo ukinienda mbio kwa namna nisiyoitarajia, maana safari ilikuwa bado ndefu na uhai wangu ulikuwa mikononi mwa mtu niliyekuwa karibu kumshtaki. Nikasema, “Afande, ilikuwa sabini na mbili. Nimeiona.” Nyuma yangu mtu akaniita mnoko. Dereva alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akawasha injini, akaliweka basi pembeni, akashuka.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mwendo wa 72 ni mita 20 kila sekunde, na umbali unaohitajika kwa breki kulisimamisha gari ni zaidi ya mara mbili ya ule wa 50. Katika kijiji kile nilikuwa nimewaona watoto wenye madumu ya maji wakisubiri kuvuka, mmoja wao akiwa ameshaweka mguu kwenye lami. Picha hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo, si ujasiri.

Dereva aliitazama picha, akaandikiwa faini, akapewa namba ya malipo, akarudi bila kumsemesha mtu. Tulipokaribia kibao kingine cha 50, kabla ya Gairo, mshale ulikuwa unapanda tena kuelekea 65. Nikainama mbele kidogo nikamwambia, “Kaka, hapa ni hamsini.” Hakunijibu, ila mguu aliuondoa.