Medali shingoni mwa ndama

Julai kwetu Rungwe ni baridi ya kuuma mifupa, na tarehe 25, Siku ya Mashujaa, baba alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Maji ya moto, wembe, pasi ya mkaa. Shati la siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kulinyoosha, hata mama. Mstari wa mkono alikuwa akiupiga pasi mpaka unadhani utakukata. Kisha anafungua kopo kuukuu la majani ya chai, anatoa medali zake, anazibandika kifuani na kushuka barabarani kusubiri magari ya Kyela yaendayo Mbeya mjini.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la sita. Kopo lilikutwa na medali moja tu, ya utumishi mrefu na tabia njema. Ile ya Kagera haikuwamo.

Nyumba ikapinduliwa. Magodoro yakatolewa nje. Mama, ambaye maneno hayakumpiga chenga, akasema, "Nenda na hiyo hiyo ya tabia njema, ingawa mimi hawakuniuliza." Baba hakucheka. Gari la kwanza likapita, honi yake tukaisikia. La pili nalo likapita.

Ndama ndiye aliyemaliza msako. Alitokea migombani mbio, utepe umemkaa shingoni, medali inamrukaruka chini ya koo, ina matope na mate. Mdogo wetu wa mwisho, hata shule hajaanza, akajieleza bila woga: amempa kwa sababu jana mbwa wa jirani alimjia na hakukimbia.

Nikajua fimbo inafuata. Baba akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Akafuta machozi, akasema, "Basi anastahili kuliko mimi. Mimi nilikimbia."

Vita tuliyoijua sisi ilikuwa ya redioni na ya darasani: Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka kulipuliwa, Mwalimu kutamka kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Cha ziada kutoka kwa baba kilikuwa ndizi tu. Alisema Wahaya wanazijua ndizi karibu sawa na Wanyakyusa. Hilo "karibu" alikuwa akilivuta.

Asubuhi ile, shati limenyooshwa na safari imeshachelewa, akatusimulia Lukaya. Alitoka mgambo, kama wengi katika Brigedi ya 201. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala pale imekatiza kinamasi, huku matope, huku matope. Machi 10, 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawamiminia makombora.

"Tukatawanyika. Bunduki ninayo, lakini miguu haikuwa yangu. Nikaingia kwenye mafunjo, maji kifuani, nikawa namtaja mama yenu, halafu kaka yenu, halafu mama yenu tena, nisije nikasinzia nikazama."

Mama aliacha kukunja magodoro.

Kulipokucha walikusanywa, wakarudishwa mbele. Brigedi ya 208 ikazunguka na kumpiga adui kutoka upande wa barabara ya Kampala, wao wakasukuma kutoka upande wao, Lukaya ikachukuliwa tena. Sehemu hiyo aliipitia haraka, kama mtu anayesoma risiti. Ya usiku ndiyo aliyokaa nayo, na nadhani ndiyo aliyoibeba miaka yote kila alipofungua lile kopo.

Akaisugua medali kwa jivu, akaondoka na lori la viazi. Inasemekana sherehe alizikuta zimekwisha.

Miaka mingi baadaye, kwenye msiba wake, alikuja mzee mmoja kutoka Mufindi, mwenzake wa brigedi. Alipokwisha kunywa chai akatuuliza kwa sauti ya chini kama baba aliwahi kutuambia kwamba pale Lukaya alikimbia. Tukamwambia ndiyo, alituambia.

"Na kwamba alinikuta mafunjoni nimeshafika?"

Hiyo hakutuambia.