Jahazi la Gede

Juzi binti yangu alichukua msumari akachora tuktuk kwenye ukuta wa sebule ambao rangi yake haijamaliza hata mwezi. Nilipoanza kufoka, akaniuliza kama mimi nilipokuwa mdogo sikuwahi kuchora ukutani. Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mzazi.

Nilikuwa darasa la saba tulipopelekwa Gede, kwenye magofu ya pwani ya Kenya. Safari yenyewe naikumbuka kwa vipande: basi la kukodi, mihogo ya kukaanga, kima waliompokonya mwenzetu mkate. Mwalimu alituhimiza tuandike kila kitu, nasi tukaandika bila kutazama: mji wa Waswahili ulioachwa na wenyewe mapema katika karne ya 17, ukamezwa na msitu hadi mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948, msikiti mkuu wenye safu za nguzo, na mchongo wa mkuki juu ya mlango wake mmoja, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Nyumba nyingi za pale zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile mkasi au bakuli la kauri, lakini moja huitwa Nyumba ya Jahazi kwa ajili ya mchoro uliokwaruzwa ukutani.

Hapo ndipo nilipobaki nyuma ya wenzangu. Nilitarajia kazi ya ustadi kama ya mihrabu, nikakuta mistari michache, hafifu, inayotosha tu kukujulisha kuwa hiki ni chombo cha baharini. Nikajiambia kwamba aliyeichora alikuwa mtoto kama mimi, aliyefungiwa ndani siku ya mvua. Nikatoa bikari mkobani. Lipu ya chokaa ilikuwa ngumu kwa juu, lakini ncha ilipopenya ile ngozi yake, unga mweupe ulinimwagikia vidoleni, na ukatoka mlio mwembamba ulionisisimua meno. Nilimaliza herufi ya kwanza, na ya pili nilikuwa naipinda mkia.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Alikuwa mzee mlinzi, amevaa kikoi, ufagio wa chelewa mkononi. Nikamtajia jina langu kwa sauti iliyokauka. Aliinama, akazisoma herufi zangu mbili, akapuliza unga uliobaki, polepole, kama mtu anayepoza chai.

"Na tarehe je?" akauliza. "Mwenye kaburi lile aliandikiwa mwaka. Nawe andika, ili watakaokuja wajue wamlaani nani."

Kisha akaendelea kufagia. Mwalimu hakuambiwa neno. Hadi leo sijui kama mzee yule alinikaripia au alinitania, kwa maana wazee wa kwetu huyachanganya mambo hayo mawili makusudi.

Baadaye nilijifunza jinsi chokaa ya namna ile inavyopatikana: matumbawe huchomwa juu ya lundo la magogo, huzimwa kwa maji, kisha huachwa yakomae kabla fundi hajayagusa. Kazi hiyo yote niliikwangua kwa muda usiofika dakika tano. Lakini na yule wa jahazi aliikwangua, tena ndiye aliyeipa nyumba jina, na sijapata jibu la haki linalotutenga mimi na yeye isipokuwa kwamba yeye alitangulia.

Gede ilipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2024, nilirudi. Nilizitafuta herufi zangu kwa zaidi ya nusu saa, nikijifanya natazama jahazi. Sikuziona. Ningepaswa kushukuru, lakini nilitoka pale kama mtu aliyeibiwa.

Binti yangu sijamsimulia haya. Tuktuk ingali sebuleni. Fundi rangi nimemwambia apite wiki ijayo, na hii ni mara ya tatu kumwambia hivyo.