Saa ya zamu, toleo la nne: sinia, dadu na kandambili

Imekubali! Ijumaa tumemaliza Catan ya watu watano (ule mchezo wa ubao wa kutupa dadu, kukusanya mali na kujenga vijiji na barabara) saa nne na robo usiku, tumekula ubwabwa ukiwa bado wa moto, na Shemeji hakununa. Saa hii ya kupimia kila mchezaji muda wa zamu yake niliianza wakati wa Ramadhani, na tangu hapo kila nikifungua daftari hili naandika "bado". Leo naandika haraka kabla sijasahau namba nilizoweka kwenye programu.

Tatizo mnalijua. Mmoja, hasa Shemeji, anafikiri, wanne wako kwenye simu. Zamu inafika, mhusika anainua kichwa: "Nani kacheza? Mwizi yuko wapi? Hii barabara ya nani?" Anaanza kuusoma ubao upya kana kwamba ndiyo kwanza kaingia mlangoni, na wale wengine wanarudi kwenye simu zao. Nyongeza yetu ya wachezaji watano na sita ina ile nafasi ya kujenga baada ya zamu ya mwenzako, na kwenye kijitabu cha sheria inaonekana kama dawa ya kungoja. Kwetu ilizidisha ugonjwa, maana kila zamu ikiisha watu wanne wanaulizwa "unajenga?" na wote wanne ndio wanaamka.

Toleo la kwanza lilikuwa saa ya mchanga niliyoichomoa kwenye boksi la mchezo wa maneno. Msijaribu. Mtu akimaliza mchanga ukiwa katikati, ukiipindua anayefuata anapata ule tu ulioshuka, yaani muda uleule aliotumia aliyemtangulia. Anayecheza upesi anamkomoa jirani. Binamu aliligundua hilo raundi ya pili tu, akawa anacheza kwa sekunde kumi huku anacheka.

Toleo la pili lilikuwa programu ya simu. Sina la kusema zaidi ya kwamba nilikuwa napigana na simu kwa kuweka simu nyingine katikati ya meza.

Toleo la tatu ndilo nililojivunia humu: boksi la mbao, Nano (kompyuta ndogo ya Arduino), kioo cha tarakimu nne, vitufe vitano vya rangi. Mtindo wa Fischer, ule ambao yule bingwa wa sataranji aliuombea hataza mwaka 1988: una akiba yako ya dakika, na kila ukianza zamu unaongezewa sekunde kidogo. Nilitoa dakika 15 kwa kila mtu na sekunde 20 za nyongeza. Lilikuwa zuri kulitazama. Halikufaa kitu.

Sababu ya kwanza niliitarajia. Kwenye Catan kubadilishana mali ndiyo mchezo wenyewe, sasa ukimwekea mtu saa kisha ukamwacha aombe ngano kwa wenzake, wenzake wanajua cha kufanya. "Ngoja nifikirie." "Hebu rudia, umesema sufu mbili au moja?" Muda unaokatwa ni wake, maneno ni yao. Hilo tulilitatua kwa sheria ya mdomo: ofa ikitoka, kila mtu ana jibu moja, ndiyo au hapana, au ofa yake mbadala. Mengine ni porojo.

Sababu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi wiki sita. Watu hawabonyezi kitufe! Kwenye sataranji wako wawili, na usipobonyeza unajiumiza mwenyewe, ndiyo maana mkono unazoea. Mezani kwetu mtu amejenga kijiji, kafurahi, kamkabidhi jirani dadu, kaenda kuchukua kashata. Kitufe chake bado kinawaka. Dakika nne baadaye anashtuka, "Jamani, mbona mnanila muda?" Nikaongeza ukubwa wa vitufe. Nikaongeza king'ora, mtoto akaamka, nikakitoa. Nikajiteua mbonyezaji mkuu, nikawa mimi ndiye ninayechelewesha mchezo kwa sababu sikuwa nafikiria zamu yangu.

Jibu nililipata barazani, wala sikuwa nalitafuta. Wazee wanacheza dhumna nami nasubiri anayefungwa apishe. Mzee mmoja alikuwa anasikiliza mpira redioni, uso kaugeuzia kabisa upande wa pili, lakini kila jirani yake akipiga kete mezani, paa!, mkono wake unainuka. Hakuna aliyemwambia "zamu yako, mzee". Mlio ndio uliomwambia. Nikaondoka bila kucheza.

Kwenye Catan kitu pekee ambacho lazima kigonge meza kila zamu ni dadu. Hakuna anayesahau kutupa dadu, bila hivyo hapati mali. Kwa hiyo kitufe kife, dadu ndiyo iwe kitufe.

Nilichukua sinia la alumini, nikagandisha chini yake kisahani cha piezo cha milimita 27, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, rezista ya megaohm 1 sambamba, waya hadi pini A0 ya Nano. Utepe wa pande mbili usiutumie, unameza mtetemo wote. Gundi kali, tone moja, basi. Nikaweka kizingiti, yaani nguvu ya chini ya pigo ambayo saa inalisikia, 120, dadu zikatua, kioo kikaruka kwa mchezaji wa pili. Nilipiga kelele peke yangu jikoni saa sita usiku.

Ijumaa yake, aibu. Kikombe cha chai kikiwekwa mezani, zamu inahama. Binamu kaibiwa karata, kapiga meza, zamu imehama. Nilipandisha kizingiti hadi 400, dadu zikawa hazisikiki zikitua taratibu, na Shemeji hutupa dadu kana kwamba anaweka yai. Nilirudi 250, nikapata ubaya wa pande zote mbili.

Siku tatu nilikuwa nachezea namba hiyo moja, hadi nilipoacha kuangalia ukubwa wa pigo na kuanza kuangalia idadi. Nikachora usomaji kwenye laptopu: kikombe kinapiga mara moja kwa nguvu, kisha kimya. Kiganja hivyohivyo. Dadu mbili zinadundadunda, zinagongana, zinapiga ukingo, ta-ta-tata-ta. Kwa hiyo programu sasa haisikilizi kishindo, inahesabu. Mapigo manne au zaidi ndani ya milisekunde 700, kizingiti kimeshushwa hadi 90, hiyo ni dadu. Pungufu ya hapo ni kikombe au hasira za Binamu. Baada ya kuhesabiwa, sinia linakuwa kiziwi kwa sekunde 10, maana dadu ikianguka sakafuni inatupwa tena. Na miguu ya sinia nimeikata kwenye kandambili iliyokatika ukanda, vipande vinne, ili mtetemo wa meza usipande. Hakuna sponji ya dukani niliyojaribu iliyofikia kandambili.

Kuhusu umeme, nimeapa. Pawabenki inajizima yenyewe kwa sababu Nano inakula mkondo mdogo mno, inadhani hakuna kilichochomekwa. Betri ya volti 9 ni wizi. Seli mbili za 18650 (zile za lithiamu za duara) kutoka kwenye betri la laptopu iliyokufa, zimeungwa mfululizo, zimeingia VIN, pini ya umeme ya Nano, na tangu Mei nimezichaji mara moja tu.

Hapo nilidhani nimemaliza, na ndipo Shemeji alipolalamika, na alikuwa na haki. Saa ilikuwa inahama mtu anayefuata anapotupa dadu. Shemeji kamaliza, kasema "nimemaliza", lakini anayefuata yuko kwenye simu. Sekunde zinakwenda kwa Shemeji. Nilipozitenga sekunde hizo, kuanzia "nimemaliza" hadi dadu kutua, kwa kuziandika kwa mkono mchezo mzima, nilikaa kimya. Kipindi chote hiki nilikuwa namtengenezea Shemeji saa ili aache kufikiri, kumbe kufikiri kwake hakukuwa kurefu sana. Zamu zake nyingi zilikuwa za dakika moja na nusu hivi. Kilichokuwa kinatula ni pengo. Kuna zamu pengo lilikuwa refu kuliko zamu yenyewe.

Basi tumebadilisha jambo moja: unayemaliza ndiye unayetupa dadu, kwa niaba ya anayefuata. Ukitupa, zamu yako imekwisha, hakuna mjadala. Mlio unamwita mwenye zamu, mali zinagawiwa papo hapo, na akizubaa anakula muda wake mwenyewe. Ikitoka saba, wenye karata zaidi ya saba wanatupa nusu kama kawaida, na mwizi, ile kete inayozuia mali pale inapokaa, anasogezwa na yule aliyetupiwa. Ile ya kujenga katikati tumeibana: anayetaka kujenga anashika kete yake mkononi kabla mwenzake hajamaliza. Asiyeshika haulizwi.

Kuna tundu moja. Sheria inakuruhusu kucheza karata ya askari, ile ya kumsogeza mwizi, kabla ya dadu, na wewe sasa dadu unatupiwa na mtu mwingine. Binamu aliliona kabla hata sijamaliza kueleza. Kwa hiyo anayetupa lazima aulize kwanza, "Askari?", asubiri jibu, ndipo atupe. Neno hilo moja limefanya kazi kuliko vitufe vyote vitano, kwa sababu mtu akiulizwa "Askari?" anaweka simu chini hata kama hana askari. Shemeji hujibu "askari yuko likizo" kila mara, na kila mara anacheka mwenyewe.

Mipango niliyoitangaza humu, taa tano za rangi, jumla ya muda wa kila mtu kwenye kadi ya kumbukumbu, nimeiweka kando. Ijumaa kioo kiligeuzwa kuelekea ukutani tangu raundi ya tatu na hakuna aliyekiulizia. Nimeanza kufikiria kama mtetemo wa dadu unaweza kueleza namba iliyotoka. Najua haiwezekani. Nimeshafungua faili jipya.

Lakini kwanza kuna kesi ya sinia. Ni la mama, amelitafuta tangu mwezi jana, na Jumapili ana wageni. Gundi haitoki, na nimelitoboa matundu mawili ya waya. Kesho naenda Kariakoo kumnunulia jipya. Ninachohofia ni kwamba atalipenda lile jipya na kuniachia hili, au atalikataa na kudai lake, halafu alumini ya hilo jipya ikawa nene, na mapigo manne yasitimie.